Mbambakofi wa Shimo la Saba

Matano Mwachiti aliwajua wageni wa Hoteli ya Mkungani kwa namna walivyopoteza mipira. Mgeni mstaarabu, mpira wake wa gofu ukiingia msituni, husema "Basi," akatoa mwingine mfukoni. Mgeni asiye na adabu humtuma mtu akautafute kwenye miba, naye akabaki kivulini akijipepea kwa kofia. Aina ya tatu Matano alikuwa hajakutana nayo mpaka Julai ya mwaka tisini na tisa. Mgeni wa aina hiyo huulaumu mti.

Matano alikuwa mtu wa Kinondo, mwenye miaka hamsini na ushei, mwembamba, na uso uliojikunja upande mmoja kama wa mtu aonjaye ndimu. Waliomjua hawakuuogopa uso huo. Ujanani alikuwa mpasua mbao. Tangu Tiwi hata Msambweni hapakuwa na kijiji ambacho hakikuwa na mlango au kitanda kilichotokana na mti aliouangusha yeye na mwenzake. Angeweza kuugonga mti kwa kisogo cha shoka, akautegea sikio, na akakwambia kama moyo wake ni mzima au umeliwa.

Kampuni iliyoijenga Mkungani, miaka ya themanini mwanzoni, ilimwajiri pamoja na wanaume wengine arubaini. Kazi ilikuwa kuuondoa msitu ili watu waje kuuona msitu. Ndivyo Matano alivyokuwa akiieleza, na hakuna aliyeweza kuieleza vizuri zaidi. Kwa miezi saba walikata mivule, mikwaju na miti ambayo hata majina yake hayakuwa na mtu wa kuyauliza, wakapanda nyasi laini iliyoletwa kwa lori. Kati ya kiwanja na kiwanja wakaacha vishungi vya miti, kama nywele zinazoachwa pembeni mwa kipara, na kwenye kila kishungi hoteli ikasimamisha kibao kilichoandikwa "Msitu wa Asili".

Kwenye shimo la saba palibaki mbambakofi mmoja mkubwa. Haukubakizwa kwa huruma. Misumeno miwili iling'oka meno siku moja, jua likawa kali, na mzungu aliyechora uwanja akachoka. Akasema, "Uacheni, utawapima wachezaji." Mbega wakauhamia.

Kazi ya kukata ilipokwisha wenzake walitawanyika, lakini Matano alibakizwa kwa sababu aliujua msitu. Asubuhi aliwatembeza wageni kuwaonyesha mbega, hondohondo na paa. Mara moja kwa wiki alipanda nao gari la hoteli kwenda Shimba Hills kuangalia ndovu na palahala. Jioni alibeba mikoba ya gofu. Hivyo miaka kumi na mitano ilipita, na katika miaka hiyo Matano hakuona sababu ya kuwaheshimu watu wanaopiga kijipira, wakakifuata, wakakipiga tena, na wakaita hayo mapumziko.

Mwaka huo wa tisini na tisa wazungu walikuwa wachache. Tangu vurugu za Likoni, miaka miwili nyuma, walikuwa wamekwenda kuota jua kwingine, na Mkungani ikashusha bei ili vyumba visijae buibui. Ndipo watu wa Nairobi walipoanza kuja, na miongoni mwao akaja Bwana Johnstone, mkurugenzi wa kampuni ya bima, na mkewe Virginia, kukaa wiki sita. Johnstone alikuwa mtu mnene wa kifua, mwenye soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini na simu ya mkononi kubwa kama kipande cha sabuni. Simu hiyo haikupata mawasiliano popote pale hotelini, lakini aliishika wakati wote.

"Hamjambo, na karibuni Mkungani," Matano aliwaambia siku ya kwanza.

"Sasa mzee," akajibu Johnstone bila kumtazama. "Wewe ndio kedi? Beba hiyo, lakini usigongeshe. Hiyo kitu ni ya Scotland."

Virginia ndiye aliyesimama, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Walikwenda uwanjani jioni hiyohiyo. Mashimo sita ya kwanza Johnstone alicheza kama mtu anayeua nyoka. Alipofika la saba alisimama, akapima, akauliza njia. Matano akamweleza kwamba njia ilizunguka kushoto. Wachezaji wote hupiga kushoto kwanza, mpira ukatua kwenye uwazi, kisha ndipo wakaelekea kwenye kibendera.

"Kuzunguka ni ya waoga," alisema Johnstone. Akapiga moja kwa moja.

Mpira uligonga mbambakofi, pa! Mbega wakapiga kelele juu, na jani moja likaanguka taratibu. Akapiga wa pili. Pa! Wa tatu ukarudi kumfuata mwenyewe, akaukwepa kwa kuruka, na kwa unene wake ule mruko huo ulikuwa jambo la kutazamwa.

"Hii mti," alisema akihema, "imewekwa hapa na nani?"

Matano aliumwa na sikio kabla ya kuumwa na moyo. Hii mti! Imewekwa! Mtu anaushitaki mti na hata kuutaja vizuri hawezi.

"Mti huo ulikuwapo kabla ya hoteli, bwana," alijibu. "Kabla yangu mimi na kabla yako wewe."

"Basi ishakaa ya kutosha."

Matano alidhani ni maneno ya hasira tu, yatapoa. Hakujua kwamba watu wa namna ile hasira zao hazipoi kwa kulala. Kila jioni Johnstone alirudi shimo la saba, kila jioni alipiga moja kwa moja, na kila jioni mbambakofi uliurudisha mpira wake. Wachezaji wengine wakaanza kuja kukaa kwenye benchi la karibu wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Johnstone aliwaona, na akaona wanavyobana midomo.

Wiki ya pili wakaenda Shimba Hills. Gari lilipita Kombani, likapanda mlima hadi Kwale, na jua lilipochomoza walikuwa ndani ya hifadhi. Johnstone alikaa mbele, simu mkononi, akiinyanyua dirishani kila walipopanda kilima. Waliwakuta ndovu watatu wakila kandokando ya njia. Akasema ni wadogo kuliko wa Amboseli. Kisha akalala. Alikoroma kiasi kwamba dereva aliona haya kwa niaba yake.

Palahala walimkuta kwenye uwanda wa nyasi, ukungu bado haujainuka. Alikuwa dume, mweusi tii, pembe zimepinda nyuma hadi mgongoni, amesimama peke yake. Matano alikuwa amewaona palahala mara nyingi, na bado aliposema neno alinong'ona. Virginia alishika mkono wa kiti. Hakupiga picha. Alitazama tu, na Matano akamsogezea alama moja moyoni.

Johnstone akazinduka. "Iko wapi? Iko wapi? Mbona imegeuka? Dereva, piga honi igeuze uso!"

"Haipigwi honi humu, bwana," alisema Matano.

Johnstone akajinyoosha, akaibonyeza mwenyewe.

Palahala hakukimbia kwa hofu. Aliinua kichwa, akawatazama kwa kitambo kama mwenye nyumba atazamavyo mlevi aliyekosea mlango, akaingia vichakani. Virginia aligeuza uso upande wa pili.

Siku ya pili yake, wakati wa chakula cha mchana, Matano alipita na jembe karibu na baraza ya kulia, akamsikia Johnstone akiwasimulia wageni wa meza tatu jinsi palahala alivyolishambulia gari kwa pembe, na jinsi yeye, kwa akili ya haraka, alivyompigia honi akaokoa roho za watu wanne. Wageni waliacha kutafuna. Mmoja akauliza, "Na yule mzee anayewatembeza?"

"Huyo? Alikuwa ameganda," alisema Johnstone.

Matano aliendelea na njia yake. Mtu wa kumkasirikia ni yule unayemtarajia mazuri.

Lakini Johnstone hakuwa wa kupuuzwa kama Matano alivyodhani. Alikuwa rafiki wa wenye kampuni, na bima ya hoteli nzima ilikuwa mkononi mwake. Mwanzoni mwa Agosti meneja wa Mkungani, kijana wa bara aitwaye Gedion, alimwamkia Matano shikamoo asubuhi, akamwamkia tena saa nne, na adhuhuri akamwamkia mara ya tatu. Gedion alijifunza shikamoo alipokuja pwani, na kila alipotaka jambo zito aliitoa kama peremende.

"Sema tu, bwana meneja," Matano alimwambia.

Gedion alimpeleka hadi chini ya mbambakofi. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Mti, alieleza, ulikuwa na hatari. Tawi likimwangukia mgeni hoteli itashitakiwa. Bwana Johnstone, kama mtaalamu wa bima, amelieleza jambo hilo kwa wenye kampuni, nao wamekubali ukatwe, ila wanataka mtu anayejua miti athibitishe kwamba umeoza.

"Wewe unaheshimika, mzee. Weka sahihi tu hapa."

Matano hakuwa na shoka. Aliokota jiwe, akaligonga shina mara tatu, akaweka sikio. Gedion naye, bila kujua anasikiliza nini, akaweka sikio lake upande wa pili.

"Wasikia?" aliuliza Matano.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo. Uliooza hulia kama ngoma. Huu umenyamaza. Mti huu ni mzima kuliko hoteli yako."

"Mzee wangu, tafadhali. Mimi natumwa."

"Najua unatumwa. Umetumwa na mtu asiyejua kuzunguka kushoto."

Gedion alimwachia karatasi, akamwambia aifikirie mpaka kesho. Matano akaichukua nyumbani Kinondo, akamwonyesha mkewe. Twaiba alikuwa akikuna nazi, hakuacha kukuna. Alisikiliza habari yote, ya mpira, ya honi, ya sikio la meneja, na Matano alipofika penye sahihi akapandisha sauti kama mtu anayehutubu msikitini.

"Basi wewe umeudhika," alisema Twaiba.

"Nisiudhike?"

"Miezi saba ulikata pale. Ulikuwa ukirudi hapa na unga wa miti masikioni, unanichekea, unaniambia leo tumeangusha tisa, leo kumi na moja. Mwenzio nikakuuliza, hao mbega watakwenda wapi? Ukanijibu mbega wana miguu." Akakipindua kifuu. "Leo mti mmoja ndio umekuwa mama yako?"

Matano alitoka, akakaa uani. Dharau yote aliyokuwa akiigawa kwa wageni kwa miaka kumi na mitano ilimrudia mwenyewe jioni ile, na alipoionja aliiona chungu. Yule Johnstone alitaka kukata mti mmoja kwa ujinga. Yeye alikata mamia kwa akili timamu, akijua majina yao. Akawaza kutia sahihi, maana aliyekwisha kufanya makubwa ana haki gani ya kujifanya msafi kwa dogo? Kisha akawaza kwamba hiyo ndiyo hesabu ya wavivu.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja ofisini. Aliweka karatasi mezani. Gedion akaisoma, akatoa miwani, akaisoma tena. Chini ya maneno ya chapa, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, palikuwa na maneno haya: MTI NI MZIMA. MIMI NILIYEKATA MINGINE NDIYE NISEMAYE. M. MWACHITI.

"Umeniharibia," alisema Gedion.

"Karatasi nyingine zipo."

Zilikuwapo. Nyingine ilitiwa sahihi na Kitsao, msimamizi wa bustani, ambaye alikuwa hawezi kuutofautisha mbambakofi na mwarubaini, na jioni yake tu akaonekana amevaa fulana mpya yenye nembo ya kampuni ya bima. Matano aliambiwa kazi ya kutembeza wageni imesimama kwa muda. Akapewa kisu kidogo na mkeka wa magoti, akawekwa pamoja na wanawake wang'oa magugu kwenye nyasi za uwanja.

Mti ulikatwa siku ya Jumanne. Walileta msumeno wa mota kutoka Ukunda, na vijana wawili wenye kujiamini. Mnyororo ulikatika kabla ya saa tatu. Ukaletwa mwingine, nao ukakatika. Mpaka alasiri mbambakofi ulikuwa bado umesimama, na vijana wale hawakuwa tena na maneno mengi. Johnstone alikuwa amewekewa kiti na kinywaji akitazama. Jua lilipomchoma akahamia ndani. Mbega walikuwa wamekwisha kuondoka mapema. Walishuka mmoja mmoja, mama wamekumbatia watoto, wakavuka nyasi mbele ya macho ya watu, wakavuka na barabara ya lami, wakapotelea msitu wa upande wa pili. Jike mmoja aligongwa na gari la mizigo. Watu wa hoteli wakamfunika kwa gunia upesi kabla wageni hawajamwona.

Virginia alitoka, akasimama karibu na Matano aliyekuwa amepiga magoti kwenye magugu.

"Pole, mzee," alisema.

"Pole si yangu."

"Nilimwambia asifanye."

"Ulimwambia lini, mwanangu?"

"Jana," alisema.

"Jana," Matano alirudia, akaendelea kung'oa. Ile alama aliyomsogezea Shimba Hills aliirudisha mahali pake.

Mti ulianguka saa kumi na moja. Ndani ulikuwa mwekundu safi, mkavu, bila tundu la sindano toka gome hadi moyo. Gedion aliuona mkato ule, akaagiza liletwe turubai. Lilikuwa dogo, likafunika nusu tu, na kila aliyepita aliinama kuutazama. Fundi mmoja wa vitanda aliyekuja kuulizia mbao aliusifu kwa sauti hadi akaombwa aondoke.

Siku nne baadaye palichezwa kombe la kufunga msimu. Hoteli iliandaa chakula kwenye baraza, vitambaa vyeupe mezani, na samaki wa kuchoma amepambwa kwa ndimu. Kumbe baraza hiyo, tangu ijengwe, ilikuwa nyuma ya mbambakofi. Kutoka shimo la saba hakuna aliyepata kuiona, ndiyo sababu hakuna aliyepata kuiwaza. Matano alikuwa ameiwaza tangu siku ya karatasi, lakini yeye alikuwa mng'oa magugu, na mng'oa magugu haulizwi.

Johnstone alisimama, akavuta soksi, akatabasamu kuelekea benchi. Njia ilikuwa nyeupe. Akapiga kwa nguvu zote alizozilimbikiza wiki tano.

Kwa mara ya kwanza katika ukaaji wake aliupiga mpira vizuri. Ulinyooka, ukapaa juu ya kisiki, ukapita kibendera bila kukitazama, ukaingia barazani. Ulivunja bakuli la kachumbari, ukaruka mezani, ukampata mmoja wa wenye kampuni aliyekuja kutoa kombe, juu ya sikio. Hakufa. Lakini aliketi chini kwenye sakafu pamoja na suti yake na kachumbari, na damu ikachuruzika kolani, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu hata ukasikika mlio wa hondohondo ng'ambo ya barabara.

Katika kimya hicho mwanamke mmoja kati ya wang'oa magugu alicheka. Akafuata wa pili. Matano hakucheka. Alisimama, akajipangusa magoti, akamwambia Johnstone kwa adabu zote, "Bwana, na kushoto nilikuonyesha."

Johnstone na mkewe waliondoka wiki moja kabla ya wakati wao. Hoteli ikajikuta na shimo la saba lisilochezeka: kila mpira uliopotea ulikwenda barazani. Kwanza wakafunga baraza. Wageni wakalalamika. Kisha wakasimamisha nguzo sita za zege na kutandika wavu wa chuma wenye urefu wa nyumba ya ghorofa, palepale ulipokuwa mti, ukafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanywa bure. Ulipata kutu kabla ya Novemba.

Desemba wageni walirejea, hata wazungu kiasi, na wote walikuwa na kijitabu cha hoteli chenye picha ya mbega kwenye jalada. Walimuuliza Gedion mbega wako wapi. Gedion akamtuma Kitsao awatembeze. Kitsao aliwaonyesha kima, akasema ndio mbega wenyewe ila wamenyolewa na joto. Mgeni mmoja, mwalimu wa mambo ya wanyama, alidai arudishiwe pesa.

Basi Gedion akaja Kinondo kwa miguu, akapiga hodi, akasema shikamoo mara moja tu.

"Marahaba. Kaa."

Twaiba alimletea maji. Gedion alikuwa amekonda. Alisema kazi ya kutembeza wageni iko wazi, na kwamba hata yeye hajui kama atafika mwaka mpya pale.

"Mbega wako upande wa pili wa barabara," alisema Matano. "Kwenye msitu wa wazee wa Kinondo. Huko haingii mtu na kofia ya gofu wala honi. Wazee watawekewa fungu lao la pesa, na mimi nitawaongoza wageni kimyakimya. Anayetaka kupiga kelele abaki kwenye nyasi yenu."

"Sawa, mzee."

"Na mkoba wa gofu sibebi tena."

"Sawa."

Gedion alipoondoka Twaiba aliuliza, "Umerudi kwa hao watu?"

"Nimerudi kwa mbega."

"Mbega wana miguu," alisema Twaiba, na safari hii alicheka.

Matano alifanya kazi hiyo miaka kadhaa. Kila alfajiri aliwavusha wageni barabara ya lami kwa mkono ulioinuliwa, akawaingiza kivulini, akawaambia waketi chini na wafunge midomo. Wengi hawakuweza kunyamaza hata dakika tano. Aliwatazama kwa ule uso wake wa ndimu, akangoja. Na yule aliyeweza, Matano alimwonyesha kila kitu.